Mama Mkubwa wa Nyumba ya Bati

Miezi ya baridi kwetu Matwebe, ukungu ulipolala juu ya migomba mpaka jua likawa juu, sisi wa nyumba ya nyasi tulijua kumekucha kwa kumsikia Mama Mkubwa akitushitaki kwa Mungu. Alisali nje, amesimama nyuma ya jiko lake, kajifunga kanga mbili na gunia begani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya mto. Alianza na shukrani. Akapita kwa Mchungaji, kwa wagonjwa, kwa ng'ombe mwenye mimba. Kisha akafika kwetu.

"Bwana, unawaona watu wa nyumba ile. Unamwona na huyo mama yao. Jana kachukua chumvi yangu, mpaka sasa kimya. Mimi nimemsamehe, ila wewe usisahau."

Ndani ya jiko letu mama yangu aliinua uso kutoka kwenye moto aliokuwa akiupuliza, akasema, "Amina," akaendelea kupuliza.

Mama Mkubwa alikuwa mke wa kwanza wa baba yetu, mke wa ndoa, aliyefungishwa kanisani kwa pete na wimbo. Mama yangu alikuja baadaye, kwa ng'ombe tu, bila pete wala wimbo. Nyumba zao zilitazamana, katikati shamba la migomba ambalo sisi watoto tulilikata kwa njia zetu nyembamba. Mama Mkubwa alikuwa na binti mmoja, Atupele, tuliyekuwa naye rika moja. Kwetu nilikuwepo mimi na kaka yangu mdogo. Baba alikwenda huku na huku, na ingawa watu wazima walijifanya hawahesabu, kila mtu alijua usiku wa jana kikohozi chake kimesikika nyumba gani.

Nasema mapema ili nieleweke: nilimwonea wivu mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote, na sikuwa peke yangu. Katika boma letu wivu ulikuwa kama moshi. Hukuuona ukiingia, ila nguo zote zilinuka.

Nianze na jiko lake, maana ndiko nilikomjua zaidi. Mchungaji na wazee wa kanisa walipotembelea kijiji walikula kwake, kwa kuwa yeye ndiye mke anayetambulika, na mimi nilitumwa kumsaidia Atupele kuchota maji. Harufu ya mbalaga, ndizi zilizopondwapondwa na nyama yenye mafuta, ilinipokea tangu kwenye kijia. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, sukari na sabuni vilikuwa vimerudi madukani Tukuyu, na kwake chai ilikuwa tamu hadi chini ya kikombe. Kwetu sukari tuliijua Krismasi na Pasaka.

Hakuwa mchoyo. Aliponiona nimesimama mlangoni na ndoo, alinipakulia sahani sawa na ya Atupele, wakati mwingine nyama yangu ilizidi. Lakini nilitakiwa kula pale pale, mbele ya macho yake. Siku moja niliomba nimpelekee kaka yangu kipande. Akanitazama kana kwamba nimeomba kuuza ng'ombe wake.

"Kula hapa," alisema. "Chakula changu hakitembei."

"Kaka ana njaa, Mama Mkubwa."

"Kaka yako ana miguu. Mwite aje, nitampa mpaka ashindwe kuinuka. Lakini sahani yangu haivuki shamba ikaenda kuonjwa na mtu akatia maneno."

Nilikwenda kumwita, akaja, akala mpaka akashindwa kweli kuinuka. Tuliporudi, mama alikuwa anatungoja huku anajifanya anachambua maharage.

"Kapika nini?"

Tukamweleza. Nyama, ndizi, nyanya, kitu fulani cha manjano ambacho hatukukijua jina.

"Bizari," mama alisema kwa uchungu. Kesho yake aliagiza bizari Tukuyu, akapika mbalaga iliyogeuka manjano kama ua la boga, akaniambia nikichota maji nisisahau kupitia upande ule na mikono ambayo sijanawa. Mama Mkubwa alinisalimu, "Ugonile," kama ilivyo desturi yetu asubuhi, halafu akakishika kiganja changu, akakinusa, akakiachia. Jumapili kwake ukapikwa wali. Sisi watoto tulinenepa mwaka ule kwa ajili ya ugomvi ambao hakuna aliyeutamka.

Alikuwa na maneno yake. Alisema mtu anayecheka sana asubuhi ana deni. Alisema Mungu anapenda watu safi ila watu wachafu ndio wanaomhitaji, kwa hiyo usimcheke mtu mchafu, mpe sabuni. Alisema mwanamke asiyejua kunyamaza ajifunze, na anayejua kunyamaza aogopwe. Hili la mwisho alimaanisha mama yangu. Mama hakumjibu hata siku moja. Alimwita "dada", akimsalimu alipiga magoti kidogo, na ukimya wake ulimchoma Mama Mkubwa kuliko tusi.

Baridi ya kwetu hawaijui watu wa pwani. Si baridi ya maji ya mtungi. Ni baridi inayoingia kwenye mifupa ya vidole ukichuma chai asubuhi, inayofanya ng'ombe watoe mvuke kama sufuria. Miezi hiyo tuliishi jikoni. Tulikula huko, tulijifunza katekisimu huko, jioni baba alisoma Neno huko, na sala ya jioni ilikuwa ndefu kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka kwenye moto. Kwa hiyo baba alipokuwa nyumba ile, hatukumkosa baba tu. Tulikosa sauti yake ikisoma. Nilikaa nikiangalia mwanga wa jiko lao kupitia migomba, najua Atupele ameegemea goti lake, na sikuweza kumeza.

Katika miaka hiyo ya biashara huria malori yalianza kuja mpaka barabarani kuchukua ndizi za Dar es Salaam. Baba alikuwa na migomba mizuri, akauza vizuri, na mwaka mmoja baada ya mavuno akarudi kutoka Tukuyu na mabati. Yalitosha nyumba moja.

Sitasahau uso wa mama wakati yanashushwa. Alikuwa amebeba kuni. Hakuzitua. Alisimama nazo kichwani mpaka bati la mwisho likaegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mama Mkubwa, ndipo akageuka.

Jioni baba alikuja kwetu kueleza. "Yule ndiye wa kwanza," alisema. "Watu wangesema nini?"

"Wangesema umefanya haki," mama akajibu. "Kula, ugali unapoa."

Nyumba ya bati iling'aa hata ungali barabarani. Mama Mkubwa aliifagia nje hadi udongo ukawa na michirizi ya fagio kama nywele zilizochanwa. Jumapili alipita njia ndefu ya kanisani ili watu waongozane naye na waseme, "Hongera kwa nyumba." Mimi niliichukia nyumba ile. Mvua iliponyesha na bati likapiga kelele, nilitamani lipasuke.

Kisha Juni ikafika, na bati likaonyesha tabia yake. Nyasi hushika joto. Bati hulitoa nje. Usiku nyumba ile ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na alfajiri mvuke wa watu waliolala uliganda juu, ukadondoka matone kwenye vitanda. Atupele alikuja shuleni na shuka limelowa amelisahau mgongoni. Baba, ambaye kifua chake hakikuwa kizuri tangu ujana, alianza kukohoa kwa namna ya kutisha. Jioni moja akavuka shamba amekumbatia godoro lake, akalala kwetu chini ya nyasi. Kesho yake pia. Na wiki iliyofuata.

Mama alianza kuimba. Mama yangu, aliyekuwa haimbi hata kwaya, aliimba akitwanga, akiosha vyombo, akawaimbia hata ng'ombe. Mimi nilimwegemea baba goti akisoma, nikatazama mwanga wa jiko lao, nikala nikashiba.

Mama Mkubwa alivumilia kwa muda. Asubuhi sala yake ikawa fupi, jambo lililotutisha sote. Halafu siku moja tukasikia watu wakicheka kutoka barabarani, tukatoka mbio. Vijana watatu walikuwa juu ya paa lake, wanatandaza nyasi juu ya bati. Mama Mkubwa alikuwa chini, anawapitishia mafungu, kanga imefungwa kiunoni, jasho linamtoka katika baridi ile. Wapita njia walisimama. Mmoja akauliza kama nyumba imepata homa mpaka ivalishwe koti.

"Icheke ukishamaliza kupaua yako," alimjibu, akaendelea kupitisha nyasi.

Baba alikwenda kuangalia. Alizunguka nyumba ile, akaitazama mbele na nyuma, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Mama Mkubwa akampiga mgongoni. Jioni ile akarudisha godoro lake.

Mama alitazama migomba ikitikisika nyuma yake. "Na mimi nitoe nyasi niweke bati?" alisema, si kwetu, si kwa mtu. Ndiyo mara pekee niliyosikia wivu wake una sauti. Chakula cha usiku ule kilikuwa na chumvi isiyolika, tukakila.

Sasa niseme la kanisani, maana huko ndiko kila kitu kilikuwa wazi.

Kanisa halikumtambua mama, na lilimtenga baba kwa kumwoa. Mama Mkubwa peke yake, katika boma letu, ndiye aliyeruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana. Jumapili ya Meza, baada ya mahubiri, waliotengwa walitoka nje na watoto, mlango ukafungwa. Mama Mkubwa alibaki kwenye benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, hageuki. Sisi tulisimama ukutani kwenye ukungu, tukisikia wimbo kwa ndani. Nilijua mle ndani kuna mkate na divai, na nilidhani ndiyo sababu yeye hazeeki. Nilimwonea wivu wa divai ile zaidi ya bati, zaidi ya sukari.

Baba alikuwa na koti moja kubwa la mtumba, zito, la rangi ya udongo. Kule nje alilifungua upande mmoja, mama akaingia chini yake, wakasimama hivyo, bega kwa bega. Nyumbani hawakusimama hivyo kamwe. Pale, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakosaji na kulikuwa na baridi, walisimama. Mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kutoka alikuwa Mama Mkubwa. Aliwatazama. Baba alifunga koti taratibu, mama akatoka. Kisha tukarudi nyumbani kwa mstari, baba mbele, Mama Mkubwa, mama, sisi.

Lakini nikimweleza hivyo tu nitakuwa nimemdhulumu. Mwaka mmoja, baridi imekolea, mama alikuwa amekwenda msibani kwao Kyela, nikapata homa ya mapafu. Baba alikuwa na ndizi barabarani. Kaka yangu alikimbia nyumba kubwa analia. Mama Mkubwa aliacha sufuria motoni, akanifunga mgongoni kwa kanga zake zote mbili, mimi msichana mkubwa ambaye miguu yangu ilifika magotini mwake, akapanda nami mpaka hospitali. Nakumbuka ukungu, na pumzi yake, na kwamba njia nzima alimsema Mungu. Hakumwomba. Alimsema. Alimwambia kwamba akinichukua nikiwa nimebebwa mgongoni na mke mwenza wa mama yangu watu watasema nini, hivyo asithubutu. Alilala chini ya kitanda changu hospitalini mpaka nikaweza kukaa.

Mama aliporudi alikwenda moja kwa moja nyumba ya bati, akapiga magoti mlangoni, magoti yote mawili.

"Ndaga fijo, dada," alisema, asante sana. "Umembeba mtoto wangu."

"Inuka, unachafua nguo," Mama Mkubwa akamjibu. "Sikumbeba mtoto wako. Nimembeba mtoto wa mume wangu."

Nilisimama nyuma ya mama nikasikia. Sikujua nishukuru au nichukie. Nilichojua ni kwamba mgongo wa mwanamke yule ulikuwa na joto kuliko kitanda chochote nilichowahi kulalia, na kwamba mgongo ule ni wa Atupele.

Baba alifariki mimi nikiwa nimeolewa, ninauza nguo Tukuyu na kuishi Ibighi, karibu na mji. Baada ya maombolezo, wazee wa kanisa walimjia mama. Mume hayupo tena, walisema, kizuizi kimeondoka. Akifundishwa upya, atapokelewa Mezani. Mama alihudhuria mafundisho pamoja na wasichana wadogo, anakaa nao benchi moja, anajibu maswali kwa sauti ya chini. Nilimnunulia kitambaa cheupe.

Jumapili ya kupokelewa kwake nilipitia kwanza nyumbani kijijini. Mama alikuwa amekwisha kwenda. Nikapita nyumba ya bati, ambayo nyasi zake zilikuwa zimeota majani mabichi, nikamkuta Mama Mkubwa jikoni na nguo za shambani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Huendi kanisani?"

"Naumwa."

"Unaumwa nini?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuonekana mgonjwa. Alimenya hadi akamaliza ile aliyoishika.

"Walikuwa na kule nje," alisema. "Wote wawili, na lile koti. Miaka yote ile mimi nilikuwa na mle ndani. Nilijiambia, haya, wana la kwao, nami nina langu. Mume nimegawana naye. Shamba nimegawana naye. Sasa leo na Meza nigawane naye, halafu nibaki na nini?"

Nilikuwa nimeanza kuandaa maneno ya kumlaumu kwa kuikosa siku ya mama, nikayaacha. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba alipotoka kwenye mlango ule, kitambaa cheupe kichwani, hakuwa ametoka kwenye raha niliyodhani.

"Nenda, utachelewa," alisema. "Ukirudi uniambie alitembeaje kwenda mbele."

Nilikwenda. Mama alitembea vizuri. Nilimwambia Mama Mkubwa hivyo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia.

Hawakuishi pamoja muda mrefu baada ya hapo. Mama alitangulia, katika mvua za masika, kwa ugonjwa wa siku chache. Msibani Mama Mkubwa alilia kwa sauti iliyowanyamazisha wengine. Wanawake walinong'onezana kwamba anajionyesha. Mimi nilikuwa karibu naye, na nilisikia alichokuwa anasema ndani ya kilio. Alikuwa anauliza, akipika sasa, nani atataka kujua amepika nini.

Nilimwona tena vizuri Julai ya mwaka uliofuata. Atupele alikuwa ameolewa mbali, Sumbawanga, na mjukuu aliyeachiwa alikuwa shuleni mchana kutwa. Nilimpelekea blanketi, zito, jipya, si la mtumba, lingali kwenye mfuko wake wa nailoni. Nilimkuta karibu na moto, amepungua, miguu ameitia karibu kabisa na majivu. Nilimtolea blanketi, nikalikunjua. Alilipapasa kwa vidole viwili, akalinusa.

"Mama yako ulimnunulia kama hili?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angekubali, angejifunika, angeninunia kidogo.

"Hapana," nilisema. "Wakati ule mkono wangu ulikuwa bado mfupi."

"Alilalia nini?"

"Lile la zamani. La baba."

Uso wake ukafunguka, taratibu, kama mtu aliyepakuliwa chakula. "Basi nifunike," alisema.

Nilimfunika. Nikalizungusha mabegani, nikalichomeka chini ya mapaja yake ili upepo usipite. Nilimwona mama yangu na Juni zake zote chini ya blanketi lile la baba lililotoboka, na nilitamani kulivuta hili jipya nikaondoke nalo. Nikachochea moto.

"Atupele hayupo," Mama Mkubwa alisema. "Baba yenu hayupo. Mama yako naye kaondoka, hata kuaga hakuniaga. Umebaki wewe na mimi. Usiniite Mama Mkubwa tena. Mkubwa wa nani? Niite Mama."

Alisema huku akiutazama moto, si mimi, na mkono wake ulikuwa umeshika pindo la blanketi. Nilijua kilichomgharimu kuomba. Neno lenyewe ni dogo, nilikuwa nimelitamka maisha yangu yote kila siku. Lilifika mpaka kwenye ulimi, nikaona kwamba si langu kulitoa.

"Sawa, Mama Mkubwa," nilimwambia.

Alinigeukia. Alinitazama muda mrefu, na nilidhani atanifukuza. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika chini ya blanketi, na nilipoinama nikaona anacheka, bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mtoto wa mama yake," alisema. "Haya, nenda kabla ukungu haujafunga njia. Jumamosi uje, nitapika."

Jumamosi nilikwenda, nikapiga hodi, nikamwita vilevile.